Mwalimu Theodora na Mawe ya Uzi

Nyumba ya Mwalimu Theodora iko ukitoka Tabora mjini kwenda Kipalapala, upande wa kushoto, mbele kidogo ya tanuri la matofali. Njia ile ndiyo wazee wetu waliyopita zamani na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani. Siku hizi zinapita bodaboda na baiskeli za mkaa. Mimi nakaa ng'ambo ya pili, tunatazamana milango. Nilimpikia na kumfulia Mwalimu tangu alipostaafu. Sikuajiriwa. Aliugua homa, nikampelekea uji, basi uji ule haukuisha.

Naandika habari zake kwa kuwa amesemwa sana, na wengi waliomsema hawakuwahi kuingia kwake.

Alizaliwa Choma, kule Igunga, kwenye boma la ng'ombe wengi. Baba yake alimpeleka shule kwa sababu kuchunga hakuweza. Alikuwa akisimama kutazama maji yanavyozunguka lamboni, huku ng'ombe wako kwenye mahindi ya watu. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi nilifukuzwa kazi ya ng'ombe, nikapewa kazi ya shule." Akasomeshwa na Wamoraviani wenzake, akaenda ualimu, akafundisha fizikia kwenye shule za wasichana zaidi ya miaka thelathini. Hakuolewa. Mdogo wake, Mzee Mayala, kila akija kumsalimia alikuwa anamtania pale barazani:

"Dada, ng'ombe wangu wa mahari wako wapi?"

"Wako darasani, wanasoma."

"Watamaliza lini?"

"Wakiwa wagumu wa kuelewa kama wewe, hawamalizi."

Wanacheka, wanakunywa chai, Mzee Mayala anapanda basi lake kurudi Choma.

Sasa Levina. Levina ni binti wa kaka yangu Nestory, mkulima wa tumbaku Urambo. Alipofaulu darasa la saba alipangiwa sekondari ya kutwa huku kwetu, akaja kukaa kwangu. Ni mtoto mpole, mwenye adabu, lakini sauti hana. Akiulizwa swali darasani anasimama, midomo inatikisika, neno halitoki. Wavulana wanapiga meza: "Redio imeisha betri!" Somo lililomtesa kuliko yote ni fizikia. Muhula wa kwanza alirudi na alama ambazo hata mimi wa darasa la saba niliona hazifai kusomwa kwa sauti.

Siku moja nilimtuma apeleke maziwa kwa Mwalimu. Akakawia. Nikafuata. Nikamkuta chumba cha ndani amesimama wima kama anapimwa nguo, na Mwalimu ameshika jiwe lililofungwa uzi mrefu, uzi umening'inia kwenye boriti.

"Nikiliachia hili jiwe, litakwenda kule na litarudi. Litarudi mpaka wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Sijakuuliza unajua nini. Nimesema kisia."

Levina akatazama sakafu. "Litapita pale lilipoanzia."

"Sema tena, jiwe halijakusikia."

"Litapita!"

"Haya." Mwalimu akaliweka jiwe kwenye ncha ya pua ya mtoto. "Usisogee." Akaliachia.

Mimi nilifumba macho. Nilisikia uzi ukilia kwenye boriti, kwenda, kurudi. Nilipofumbua, Levina naye alikuwa amefumba, na jiwe lilikuwa limeshageuka, halikumgusa.

"Limekupiga?"

"Hapana."

"Limepita lilipoanzia?"

"Hapana."

"Basi umekosea. Umekufa?"

Levina akacheka. Tangu aje kwangu sikuwa nimemsikia akicheka. "Sijafa, Mwalimu."

"Kukosea kwenye kukisia hakuna fimbo. Kesho njoo tena."

Ikawa kila siku baada ya shule. Njia ya Mwalimu ilikuwa hiyo moja: kwanza ukisie, kwa sauti. Pili ujaribu kwa mkono wako. Tatu, unieleze mimi. Ndiyo, mimi. Levina akishaelewa kitu, anatumwa jikoni nilipo: "Kamweleze Mama Festo. Bila Kiingereza. Asipoelewa yeye, wewe ndiye hujaelewa."

Basi mimi nasonga ugali, mtoto ananieleza. Akija na maneno ya shule namrudisha: "Sijaelewa, mwanangu." Anarudi ndani, nasikia wakibishana, anakuja tena. Siku ya mambo ya uzito na egemeo alichukua ufito, akaning'iniza ndoo mbili, moja imejaa na moja nusu, akauweka begani. Akasogeza bega mpaka ndoo zikatulia, bega likiwa karibu na ile nzito.

"Shangazi, unaona? Nzito inakuwa karibu, nyepesi inakuwa mbali."

"Huo ni mzega," nikamwambia. "Babu yetu alibeba hivyo."

Mwalimu akapaza sauti kutoka ndani: "Mwambie babu yenu alifanya fizikia kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na hakuna aliyempa cheti!"

Na saa pia ilikuwa mimi. Saa ya ukutani ya Mwalimu haikuwa na mshale wa sekunde, nao wanataka kujua jiwe limekwenda na kurudi mara ngapi. Mwalimu akaniambia, "Mama Festo, wewe una saa."

"Sina saa mimi."

"Unayo. Ile unayoisali mpaka maharage yanaungua. Salia Salamu Maria hapa, kwa mwendo mmoja. Usikimbize, usivute."

Niliona shaka. Nikamuuliza Padre baada ya misa ya asubuhi kama si dhambi. Akacheka mpaka akashika mlango wa sakristia. Akasema Mama Bikira Maria hatakasirika, mradi nisali kweli. Basi nikawa nasali kumi moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi, Levina anahesabu jiwe. Nikinogewa na sala, Mwalimu ananikata: "Unakimbiza, Mama Festo!" Naanza upya. Mmoraviani anamkosoa Mkatoliki rozari yake. Tulicheka sana siku zile.

Kufika kidato cha pili, Levina ananyoosha mkono darasani. Wavulana wakasema, "Heee, redio imepata betri!" Akawajibu, "Na nyie mkaisikilize." Aliponisimulia nilimkanya kwa mdomo tu.

Ugonjwa wa Mwalimu uliingia taratibu. Aliweka chumvi kwenye chai. Alikwenda kununua kibiriti kwa Abdulatifu wa dukani, akarudi tena kukinunua, na tena. Abdulatifu ni mtu wa mzaha lakini ana moyo. Alivikusanya vile vibiriti Mwalimu alivyovisahau dukani, akaniletea uani kimya kimya. "Mama Festo, mzee wetu anataka kuchoma mji mzima," akasema. Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka.

Halafu siku moja Levina aliingia na madaftari yake, Mwalimu akachukua jiwe. "Njoo hapa. Nikiliachia hili jiwe, litarudi mpaka wapi?"

Levina alidhani ni utani. Akacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa mtoto mgeni. Basi Levina akasimama wima, akasema kwa sauti, "Litapita lilipoanzia," akakosea kwa makusudi, akaliacha jiwe limfikie puani.

Kesho yake ikawa hivyo tena. Na kesho kutwa. Miezi ile ya mwisho wa kidato cha pili, somo lilikuwa hilo hilo moja. Levina alilijibu kila siku kama ni mara ya kwanza. Siku Mwalimu alipomuuliza, "Kwani wewe ni binti wa nani?" mtoto alirudi jikoni kwangu, akachukua kiazi akakimenya, akakimenya, mpaka hakikubaki kitu.

Nilimpeleka Mwalimu hospitali. Daktari, kijana mstaarabu, alinieleza taratibu kwamba ipo dawa ya kuchelewesha kidogo, ya kurudisha haipo. Nikasali novena. Ilipoisha nikaunganisha nyingine. Sikujua tena niombe nini. Nikiomba apone, najibiwa na kile nilichokiona kwa macho. Nikiomba apumzike, naogopa nimemwombea kifo. Nikawa nasema tu, "Bwana, unamwona," naishia hapo.

Na maneno yakaanza. Jirani yetu Eustadia, anayekaanga vitumbua pale njia panda, alisema mbele za watu, "Vitabu vimemla kichwa. Mwanamke na fizikia wapi na wapi? Hana mume, hana mtoto, anaongea na mawe. Na yule binti wa kaka yake Mama Festo ndiye anafuata."

Kitumbua kinasafiri mpaka mwisho wa njia, lakini neno la Eustadia lilifika Urambo. Nestory akanipigia. Ilikuwa Januari, wanaoingia kidato cha tatu wanachagua masomo, na fizikia si lazima tena.

"Levina aiache," akasema. "Nakuja mwenyewe kumwambia mwalimu wa taaluma."

"Kaka, mtoto anaipenda."

"Hata yule Mwalimu wako aliipenda. Umeona alipo?"

Nilimwangalia Levina, alikuwa ameinamia karai la vyombo. Alikuwa amesikia yote.

Nestory alifika Jumamosi. Na Jumamosi hiyo hiyo, bila sisi kujua, Mzee Mayala alifika kutoka Choma na gari la kukodi na wanawake wawili wa ukoo, kumchukua dada yake. Niliwakaribisha. Wanawake wakaingia kufungasha nguo. Kumbuka Mzee Mayala miaka yote alipokelewa barazani. Chumba cha ndani hakuwahi kukiona.

Nikasikia ukelele. Mmoja wao akatoka kinyumenyume, mkono mdomoni.

Mzee Mayala akaingia, nasi nyuma yake. Nami kwa mara ya kwanza nikakiona kile chumba kwa macho ya mtu wa Choma. Mawe yananing'inia kwenye boriti, makubwa kwa madogo, mengine kwa uzi mweusi, mengine kwa uzi mwekundu. Kioo kimeelekezwa mlangoni. Chupa za maji zimepangwa, kila moja ina kina chake. Mshumaa umeungua nusu mbele ya kipande cha chuma.

"Ndiyo maana," Mzee Mayala akasema polepole. "Ndiyo maana dada yangu yuko hivi."

Akanigeukia, akaniita mama kwa lugha ya kwao. "Mayu, humu ndani anaingia nani?"

"Mimi," nikasema. "Na huyu mtoto."

"Sisi tulikuamini, mayu."

Eustadia tayari alikuwa kwenye uzio, na wengine nyuma yake. Nestory akashika kichwa. "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

Mzee Mayala akamleta dada yake kwa mkono mpaka katikati ya chumba. "Dada, haya mawe nani katundika?"

Mwalimu Theodora akayatazama. Akatabasamu kwa adabu, kama mgeni kwenye nyumba ya watu. "Sijui. Si mmetundika ninyi?"

Mungu anisamehe, pale nilitamani ardhi inifungukie. Mtu pekee wa kututetea alikuwa amesimama mbele yetu na hayupo. Ningeeleza nini mimi? Kwamba Mkatoliki mzima nilikuwa nasali rozari mbele ya mawe yale?

Levina akasogea. Nikaona midomo inatikisika, nikajua, sasa sauti haitatoka.

"Shikamoo, babu," akasema.

Mzee Mayala hakuitikia.

Mtoto akashika mawe mawili ya uzi mwekundu, moja kubwa kama ngumi, moja dogo kama kokwa. "Nyuzi hizi zina urefu sawa. Jiwe hili zito, hili jepesi. Nikiyaachia pamoja, lipi litarudi kwanza? Kisia, babu."

"Sikuja kucheza mimi!"

"Kukosea kwenye kukisia hakuna fimbo, babu."

Mwanamke mmoja wa Choma akacheka kwa pua, bila kutaka. Mzee Mayala akamkata jicho, kisha akasema kwa hasira, "Zito! Hata ndama anajua."

"Baba, na wewe?"

Nestory akashtuka kuulizwa. "Jepesi. Halina mzigo, litakimbia."

Levina akayaachia. Yakaenda pamoja, yakarudi pamoja. Yakaenda, yakarudi, kama ndugu wawili njiani.

"Umeyaachia kwa ujanja," Mzee Mayala akasema.

"Achia mwenyewe, babu."

Akayaachia mwenyewe. Akarudia. Akafungua jiwe dogo, akafunga funguo zake za nyumba, Levina akamsaidia kusawazisha urefu, akaachia tena. Ikawa vile vile.

"Sio jiwe," Levina akasema, na sauti yake niliisikia ikigonga mabati. "Ni uzi. Ukiwa mrefu linachelewa, ukiwa mfupi linawahi. Mwalimu alinifundisha. Shangazi, sali."

"Nini?"

"Sali, Shangazi, wahesabu wao."

Nikatoa rozari mfukoni. "Salamu Maria, umejaa neema..." Wale wanawake wa Choma wakaangaliana, mmoja akapiga ishara ya msalaba, akanipokea kwenye "Maria Mtakatifu." Tukasali kumi zima mbele ya uzi mrefu na kumi zima mbele ya uzi mfupi, na Nestory, kaka yangu mwenye ndevu zake, ndiye aliyehesabu kwa vidole na kutangaza.

Mzee Mayala akakaa kitandani. "Mganga hakubali umjaribu," akasema. "Huyu anataka nijaribu mwenyewe." Akamtazama Levina. "Marahaba, mjukuu wangu."

La uchawi likaisha pale. La kuondoka halikuisha. Nilimfuata Mzee Mayala nje, nikamsihi amwache Mwalimu hapa, nyumba anaijua, mimi nipo.

"Nyumba haijui tena, mayu. Nawe ni jirani. Mimi ni ndugu yake. Ikitokea siku, nitawaambia nini watu?"

Nikarudi ndani nikakunja kanga zake. Levina alimshika mkono mpaka garini, akamfungia mkanda. Mwalimu akamtazama kwa upole.

"Wewe binti ni wa nani?"

"Wa Nestory wa Urambo."

"Msalimie."

Nestory alikuwa amesimama hapo hapo, kofia mkononi. Gari likaondoka.

Jumatatu tulikwenda shuleni watatu. Nestory hakuwa ameniambia ameamua nini, nami sikuthubutu kuuliza. Usiku wote nilikuwa nimesema ile sala yangu fupi. Mwalimu wa taaluma akauliza, "Mzazi, binti anaendelea na masomo gani?"

Nestory akageuza kofia, akaigeuza tena. "Mimi juzi nilikisia nikakosa mbele ya watu," akasema. "Muulize mwenyewe."

"Fizikia," Levina akasema. Alisema kwa nguvu hata wavulana waliokuwa nje ya dirisha wakageuka.

Ningependa niishie hapo, lakini maisha ya watu hayaishii pazuri. Sasa Levina anasoma peke yake. Darasani wako wengi, mwalimu wao anajitahidi na vipindi ni vifupi. Nyumba ya ng'ambo ina kufuli. Ametundika jiwe moja jikoni kwangu, juu ya ndoo za maji, na akikwama ananieleza mimi kama zamani. Nami namwambia, "Sijaelewa, mwanangu." Zamani ningemrudisha kwa Mwalimu. Sasa sijui kama ni yeye hajaelewa au ni mimi kichwa changu kimefika mwisho. Ananitazama, namtazama. Anarudi kwenye daftari. Haachi, lakini naona mabega yake, na sina kitu cha kumpa zaidi ya chai.

Wakati wa Kwaresima nilikwenda Choma. Levina alinipa swali nimuulize Mwalimu, akanifundisha kulisema mpaka nikalikariri. Nikabeba karanga mbichi, anazipenda.

Nilimkuta kwenye mkeka chini ya kivuli cha nyumba, msafi, amesukwa. Wanamtunza vizuri, sina la kusema juu ya hilo. Akanisalimu kama mgeni. Nikamwambia habari za Levina, kwamba amebaki na fizikia, kwamba alisema mbele ya wote.

"Huyo Levina ni wa nani?"

"Wako, Mwalimu."

"Mimi sina mtoto," akasema bila huzuni, akaendelea kumenya karanga.

Swali la Levina nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. Nikatoa rozari, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya na mikono yangu, nikaanza kusali kwa sauti ya chini. Machozi yakanija. Nikawa nasali haraka haraka nifike mwisho kabla sijalia mbele yake.

"Unakimbiza," akasema.

Nikamtazama. Alikuwa ameinamia karanga zake, hakuniangalia.

Nikaanza upya, kwa mwendo mmoja.